Ushuru, haki za majimbo na South Carolina: dhana potofu na ukweli wake

Mada ya historia ya Marekani ikianza tu, lazima atokee mtu aseme vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861, kati ya majimbo ya Kusini yenye utumwa na ya Kaskazini, vilikuwa vya ushuru na haki za majimbo (jimbo kuikatalia serikali kuu), eti utumwa ulichomekwa baadaye. Kauli hii inaniuma kwa kweli, maana maneno ya wahusika wenyewe yapo na yanasema vingine kabisa, kwahiyo ngoja tuzipitie hizi dhana.

Wanasema ushuru wa 1828, ule mkubwa wa forodha uliowaudhi South Carolina, ulikuwa kodi ya pamba ya Kusini.

Hapana. Katiba ya Marekani inakataza kabisa kutoza kodi bidhaa inayouzwa nje ya nchi. Ushuru uligusa vinavyoingia, yaani nguo, chuma, sufi, katani, na waliolipa pale forodhani ni waagizaji, tena wengi wao bandari ya New York. Ila kuumia Kusini waliumia, hilo silikatai, wao walikuwa wanauza pamba Uingereza halafu wananunua vitu kwa bei iliyopandishwa ili viwanda vya Kaskazini vipate kusimama, na waliogopa pia kwamba Muingereza akikosa soko Marekani atanunua pamba kidogo. Sasa mbunge wao George McDuffie akaja na hesabu kwamba kila marobota 100 ya pamba basi 40 yanaliwa na ushuru, watu wakaishika kama ilivyo, wakati kilichokuwa kinawamaliza zaidi ni bei ya pamba iliyoporomoka tangu 1819 na mashamba yao yaliyochoka huku wenzao wa Alabama na Mississippi wanalima udongo mpya.

Na hapa kuna kitu kinatugusa sisi. Ile nguo tunayoiita merikani ilitoka kwenye viwanda hivyohivyo vya Massachusetts na majirani zake vilivyokuwa vinalindwa na ushuru, ikaletwa Unguja na meli za Salem, bandari ya hukohuko Massachusetts, na pamba yake ililimwa na watumwa. Mwaka 1833, miezi michache tu baada ya mgogoro wa South Carolina na serikali kuu juu ya ushuru kutulia kule, Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, akasaini mkataba wa biashara na Seyyid Said, bidhaa za Wamarekani zikawekewa ushuru wa 5% tu.

Wanasema John C. Calhoun, mwanasiasa mkubwa wa South Carolina, alipinga ushuru toka mwanzo kwa sababu ya kanuni zake.

Mwaka 1816 aliuunga mkono ushuru wa kulinda viwanda. Alipogeuka mwaka 1828 alikuwa makamu wa rais, akaandika kwa siri, bila kuweka jina, ule waraka wa South Carolina unaosema jimbo lina haki ya kubatilisha sheria ya serikali kuu. Wafuasi wa hoja hiyo walijifunika kwa jina la James Madison, rais wa zamani na mmoja wa walioandika katiba, kumbe mzee bado yu hai, na mwaka 1830 akaikataa waziwazi.

Wanasema Kusini yote ilisimama nyuma ya South Carolina.

Walibaki peke yao. Novemba 1832 wakatangaza kwamba ushuru ni batili kwao kuanzia tarehe 1 Februari 1833, na hakuna jimbo lingine la Kusini lililowafuata, Louisiana ndo kabisa maana wakulima wa miwa walikuwa wanaupenda ushuru wa sukari. Rais Andrew Jackson, naye mtu wa Kusini na mwenye watumwa, akawaambia kujitenga kwa silaha ni uhaini. Tarehe 2 Machi 1833 akasaini sheria mbili siku moja, moja ya kumruhusu kutumia jeshi na nyingine ya seneta Henry Clay ya kushusha ushuru kidogokidogo mpaka 20% ifikapo 1842. Lakini Jackson huyuhuyu, Georgia ilipoidharau hukumu ya Mahakama Kuu ya 1832 kuhusu ardhi ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa pale, hakufanya kitu.

Wanasema haki za majimbo ilikuwa imani ya Kusini, na utumwa haukuhusika.

Hii ndo ishu yenyewe. Majimbo ya Kaskazini yaliitumia hoja hiyo kwenye mkutano wa Hartford, Connecticut, mwaka 1814 kupinga vita na Uingereza, na baada ya 1850 wakaitumia tena kukataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. South Carolina yenyewe ilianza mazoezi ya kuikaidi serikali kuu kabla ya ushuru wa 1828: mwaka 1822, baada ya Denmark Vesey, mtu mweusi aliyejikomboa utumwani, na wenzake kunyongwa kwenye bandari yao ya Charleston kwa kupanga uasi, ikatunga sheria kwamba baharia mweusi aliye huru, meli yake ikitia nanga tu, awekwe jela mpaka meli iondoke, na nahodha asipolipa gharama baharia yule anauzwa. Jaji William Johnson wa Mahakama Kuu ya Marekani akasema sheria hiyo inavunja katiba, wao wakaendelea kukamata mabaharia. Zaidi ya nusu ya watu wa jimbo lile walikuwa watumwa, na wenye mashamba walijua wazi kwamba serikali kuu yenye nguvu ya kupanga ushuru ina nguvu ya kugusa utumwa pia. Calhoun mwenyewe aliandika kwenye barua ya 1830 kwamba ushuru ni kichocheo tu cha wakati ule, sababu halisi iko kwenye ule mfumo wa pekee wa majimbo ya Kusini, na sote tunajua ni mfumo gani, utumwa.

Halafu angalia 1860. Ushuru uliokuwepo ulikuwa wa 1857, wa chini sana, na wabunge wa Kusini waliupigia kura. Ule mkubwa, uliopewa jina la mbunge Morrill, ulisainiwa Machi 1861, majimbo saba ya Kusini yameshajitenga na viti vyao vingi kwenye Seneti viko wazi. Lile tamko la South Carolina la Desemba 1860 la kueleza kwa nini wanajitenga, lalamiko kubwa ni kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudishia watumwa wao. Neno ushuru halimo.