Jean Epstein na bahari ya Bretagne: muvi mbili zilizosahaulika

Wadau wakianza kuongelea sinema ya zamani ya Ufaransa utasikia majina yaleyale ya waongozaji, Renoir, Carné, Vigo, na kweli wanastahili, ila mimi ninayeshinda kutwa naediti saundi naona kuna mtu anarukwa sana, Jean Epstein, hasa zile kazi alizofanya visiwani Bretagne, mkoa wa pwani kaskazini-magharibi mwa Ufaransa.

Huyu alizaliwa Warsaw mwaka 1897, na miaka ya 1920 pale Paris alikuwa jina kubwa tu. Baadaye akaona studio hazimtoshi, akabeba kamera akaenda Ouessant, kisiwa cha magharibi kabisa ya Ufaransa, akatoa Finis Terrae (1929). Hakuchukua mastaa, walioigiza ni wenyeji wenyewe. Stori yenyewe ndogo: vijana wawili, Ambroise na Jean-Marie, wako na wenzao kwenye kisiwa kitupu wanavuna mwani na kuuchoma, manake majivu yake yaliuzwa viwandani kutengenezea iodini. Chupa ya divai inavunjika, wanagombana, Ambroise anajikata kidole gumba, kidonda kinaanza kuharibika na daktari yuko ng'ambo ya maji. Basi, ni hivyo tu.

Sasa angalia ile chupa inavyoanguka. Epstein aliizungusha kamera haraka kuliko kawaida, kwa hiyo ukiionyesha kwa spidi ya kawaida kitu kinakwenda polepole, ndo slomosheni hiyo. Leo tunaitumia kuonyesha goli au bi harusi anaingia ukumbini, yeye aliitumia kwenye kitu kidogo ambacho kwa macho ya kawaida kingepita bila wewe kukijali, na ukishaona vile vigae vya chupa juu ya mawe unajua kabisa hapa urafiki umeingia doa hata kabla mtu hajafungua mdomo. Huo ndo ushairi ninaousema mimi, haujawekwa kwenye maneno, umo kwenye mwendo wa kitu.

Bahati mbaya muvi ilitoka wakati sauti ndo inaingia kwenye sinema na sinema bubu zinasukumwa pembeni, alafu vita ikaja, na chini ya Wanazi Epstein hakuweza kufanya filamu.

Aliporudi kwenye sinema baada ya vita akatengeneza Le Tempestaire (1947), dakika 20 na kitu tu, kule Belle-Île, kisiwa kingine cha Bretagne. Na hii kwangu ndo kubwa kuliko zote! Kuna binti, mchumba wake kaenda baharini kuvua dagaa, upepo unachafuka, anamtafuta mzee anayejua kutuliza tufani, mzee anapuliza kwenye mpira wa kioo na mawimbi yanarudi nyuma. Lakini sikiliza upepo. Epstein aliichukua ile saundi akaipunguza spidi, na saundi ukiipunguza spidi inashuka, inakuwa nzito, alafu vile vitu vilivyokuwa vimebanana ndani ya kelele moja vinaachana, unasikia mlio huu, mngurumo ule, kila kimoja na nafasi yake. Kwa picha tulishazoea klozapu, yaani kitu kinaonyeshwa kwa karibu sana, yeye alikuwa anatafuta klozapu ya sauti, na leo kwenye kompyuta nafanya kitu hichohicho kwa kubonyeza mara moja, ila sioni wengi wakikitumia kwa sababu ya msingi namna ile.

Alifariki 1953. Dada yake Marie Epstein, ambaye naye alikuwa mwongozaji, alifanya kazi miaka mingi Cinémathèque française akitunza filamu za zamani, na za kaka yake zimo.

Ukitaka kuanza, anza na Le Tempestaire, vaa hedifoni nzuri na usiangalie kwenye spika ya simu kwa sababu zile sauti za chini zote zitapotea. Mara ya kwanza fuata stori, mara ya pili fumba macho pale tufani inapoanza usikilize tu. Ukishaizoea ndo nenda Finis Terrae, alafu Mor'Vran ya 1931 iliyopigwa kisiwa cha Sein.