Grafu inasema asilimia 40, lakini kontena limebanwa

Wiki hii nimeambiwa tena: "JMeter na mfumo viko kwenye seva moja, ila kila kimoja kina kontena lake, kwa hiyo haviingiliani." Vinaingiliana sana. JMeter ni programu inayoupima mfumo kwa kuutumia maombi mengi kwa pamoja. Kontena, yaani boksi la kuendeshea programu, hutenganisha faili, mtandao na michakato. Prosesa ni ileile. Anayepima na anayepimwa wanakula sahani moja.

Inayonichosha zaidi ni hii: "Kontena la JMeter linatumia asilimia 40 tu ya prosesa yake, basi ucheleweshaji unatoka kwenye mfumo." Tupige hesabu. Ukiliwekea kontena kikomo cha prosesa 1, Linux hailipatii kiini kimoja cha prosesa likimiliki. Inalipatia bajeti ya muda: milisekunde 100 za kazi katika kila kipindi cha milisekunde 100. Nyuzi 4 (kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu) zikikimbia kwa pamoja kwenye viini 4, bajeti inaisha ndani ya milisekunde 25. Milisekunde 75 zilizobaki, kontena zima linasimamishwa. Jibu la seva huenda limeshafika, ila hakuna wa kulipokea, na saa ya jaribio inazidi kuhesabu. Grafu nayo inachukua wastani wa dakika nzima, yaani vipindi 600, na vile vya utulivu vinafunika vilivyobanwa. Nimeona timu ikihangaika siku mbili na hifadhidata isiyo na kosa lolote. Inauma.

Kabla ya kubishana, soma /sys/fs/cgroup/cpu.stat ndani ya kontena, mstari wa nr_throttled (idadi ya vipindi ambavyo kontena limebanwa), kabla na baada ya jaribio. Ukikuta namba imepanda, usiyaamini matokeo. Mimi kontena linalozalisha mzigo nalitafutia mashine yake peke yake, na kikomo cha prosesa siweki kabisa.

"Kontena limekufa, mfumo umezidiwa." Lipi limekufa? Likitoka na namba 137, limeuawa kwa lazima, mara nyingi kwa kuvuka kikomo cha memori. JMeter huendeshwa na Java, na huja na hipu (memori ya kuwekea data zake) ya GB 1. Ukilipatia kontena GB 1 kamili, hipu ikijaa litakufa, maana Java hutumia memori nje ya hipu pia.

"Wastani ni milisekunde 198, tuko salama." Maombi 98 yakijibiwa kwa milisekunde 100 na mawili kwa sekunde 5, wastani ni huohuo 198. Ripoti isiyo na pesentaili ya 99 (muda ambao maombi 99 kati ya 100 hujibiwa ndani yake) siku hizi nairudisha kwa mwenyewe.