Je, protini nyingi huongeza mayai?

Wafugaji wengi wanaamini kwamba kuku akipungua kutaga, dawa ni kumwongezea dagaa au mashudu. Wazo hili lina chembe ya ukweli: protini ikipungua sana, mayai hupungua na huwa madogo.

Ila kuna kikomo. Kuku anayetaga huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18 hivi. Inayozidi haigeuki yai. Mwili huivunja na kuitoa kwenye kinyesi. Kuku hunywa maji zaidi, maranda yanalowa, na banda linanuka amonia hadi macho yanawasha. Na dagaa si bei rahisi!

Piga hesabu mwenyewe. Soma lebo ya mfuko, pale palipoandikwa kiwango cha protini ghafi. Ukichanganya kilo 10 za chakula cha asilimia 17 na kilo 1 ya dagaa wenye asilimia 55, unapata kilo 2.25 za protini ndani ya kilo 11, yaani zaidi kidogo ya asilimia 20. Hicho ni kiwango cha vifaranga.

Kabla ya kununua dagaa, pima anachokula kuku kwa siku. Wa kisasa hula gramu 110 hadi 120. Angalia maji, minyoo, manyoya yanayobadilika, na mwanga, ambao unatakiwa ufike saa 14 hadi 16 kwa siku. Maganda yakiwa laini, tazama kwanza kalsiamu: kila yai huchukua gramu 2 hivi, na protini haizibi pengo hilo.