Black Caviar: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Farasi Aliyekimbia Mara 25 Asishindwe

Mbio 25, ushindi 25. Black Caviar, farasi jike wa jimbo la Victoria nchini Australia, alikimbia kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa Flemington, Melbourne, tarehe 18 Aprili 2009 na mara ya mwisho kwenye uwanja wa Randwick, Sydney, tarehe 13 Aprili 2013. Katika miaka hiyo minne hakuna farasi aliyemtangulia mstarini, hata siku moja. Rekodi safi namna hiyo huvuta maneno mengi, na mengi kati yake si ya kweli. Mengine hayamdhuru mtu. Ila lipo moja, la siku aliyokimbia Ascot, uwanja wa mbio wa Uingereza, linalomvunjia heshima farasi mwenyewe, na hilo ndilo limenifanya nikae niandike. Nitalifikia.

"Ni farasi mweusi."

Hapana. Manyoya yake yalikuwa ya hudhurungi iliyokolea. Jina linatokana na kaviari, yale mayai ya samaki yanayoliwa kwa bei ya dhahabu, na ndiyo maana joki wake, yaani mpanda farasi, alivaa nguo za rangi ya samoni zenye madoa meusi. Ukitazama video za mbio zake, yafuate hayo madoa. Zizini walimwita Nelly tu.

"Alinunuliwa kwa mamilioni na tajiri mkubwa."

Mwaka 2008, akiwa bado mwanafarasi wa mwaka mmoja na ushei, alipigwa mnada Melbourne kwa dola 210,000 za Australia. Si pesa ya mchezo, lakini kwenye minada ya Thoroughbred, nasaba ya farasi wa mbio, wapo wanaouzwa mara kumi ya hapo. Walionunua ni kundi la marafiki waliokubaliana kuchanga wakiwa likizoni, kwenye nyumba inayoelea katika Mto Murray. Wakamkabidhi kwa mkufunzi Peter Moody. Mpaka anastaafu alikuwa amewaingizia karibu dola milioni 8. Aliyeuzwa kwa zaidi ya milioni moja ni mdogo wake kwa mama, All Too Hard, na wakati huo jina la dada lilikuwa limeshapandisha bei ya ukoo mzima.

"Hakuna farasi aliyewahi kushinda mfululizo kumpita."

Wapo. Kincsem wa Hungaria, naye jike, alikimbia mara 54 katika karne ya 19 akashinda zote 54. Na huko huko Australia, Winx alishinda 33 mfululizo kati ya 2015 na 2019, ingawa kabla ya hapo alikuwa ameshaonja kushindwa. Uzito wa rekodi ya Black Caviar uko kwingine: kati ya mbio zake 25, 15 zilikuwa za daraja la kwanza, lile la juu kabisa duniani.

"Mbio fupi hazina ufundi, ni kufyatuka tu."

Wanaosema hivi huwa hawajatazama lango la kuanzia likifunguka. Farasi wa zaidi ya nusu tani anatoka kwenye kusimama kabisa hadi kasi kamili ndani ya hatua chache, na hatua ya kwanza ikiharibika, mita 1000 hazimpi nafasi ya kurekebisha. Mwaka 2009, katika Danehill Stakes, Black Caviar aliyumba langoni akaumia msuli wa kifua. Akashinda hivyo hivyo, kwa chini ya urefu wa farasi mmoja, kisha akapumzishwa kutibiwa.

Wala hakufungwa na umbali mmoja. Tarehe 11 Februari 2012 alipelekwa mita 1400 pale Caulfield, umbali mrefu kuliko wote aliowahi kukimbia, akashinda. Baada ya wiki moja tu akarudishwa kwenye mita 1000 Flemington, akashinda tena. Anayejua mwili wa farasi anajua kazi iliyo katika siku hizo saba.

"Frankel alimkwepa" (au yeye alimkwepa Frankel).

Juni 2012 Black Caviar na Frankel, farasi dume wa Uingereza, walikimbia Ascot wiki moja, siku tofauti. Frankel alikuwa mfalme wa mita 1600, Black Caviar malkia wa 1200. Hapakuwa na mbio iliyowafaa wote wawili. Ni hilo tu.

"Watoto wake watakuwa kama yeye."

Aliwazaa kadhaa, baadhi wakashinda mbio, hakuna aliyemkaribia mama. Damu nzuri hupandisha bei mnadani, haimhakikishii mtu ushindi. Black Caviar alifariki tarehe 17 Agosti 2024, siku moja kabla ya kutimiza miaka 18, baada ya kuugua laminitisi, ugonjwa wa kwato unaomfanya farasi ashindwe kusimama bila maumivu makali.

"Aliwashinda farasi dhaifu."

Hapa inabidi kumtaja Hay List, maana anasahaulika. Alikuwa dume wa nguvu aliyemfuata Black Caviar kwa karibu mara kadhaa, na kila mara akaishia kumwona kisogo. Alikuwa dhaifu? Machi 2012, siku ambayo Black Caviar hakuwepo, Hay List alishinda Newmarket Handicap ya Flemington akiwa amebeba kilo 58.5. Katika mbio za aina hiyo farasi bora ndiye hubebeshwa mzigo mkubwa, makusudi, ili wa chini wapate nafasi. Mwaka mmoja kabla, Black Caviar mwenyewe alizishinda akibeba kilo 58. Mtu akikwambia alishindana na wanyonge, mtajie jina la Hay List.

"Ascot ilimfichua. Alipokutana na Ulaya, alishinda kwa kichwa tu."

Tarehe 23 Juni 2012, Diamond Jubilee Stakes, mita 1200. Black Caviar alikuwa amesafirishwa kwa ndege kutoka upande wa pili wa dunia, akiwa amevalishwa vazi la kubana mwili ili damu izunguke vizuri. Melbourne ilikuwa usiku wa manane, watu wamekusanyika Federation Square mbele ya skrini kubwa.

Ile video nimeirudia mara nyingi. Zikiwa zimesalia mita mia hivi, joki Luke Nolen anaona farasi wake ametangulia na amechoka, naye analegeza mikono. Hatamu zinalala shingoni. Black Caviar, aliyezoea kutii mikono hiyo, anapunguza mwendo. Upande wa pili Moonlight Cloud na Restiadargent, majike wawili wa Ufaransa, bado wanasukumwa kwa nguvu zote. Nolen anagundua, anamwamsha upya, wanavuka mstari karibu pamoja. Picha ikaamua: kichwa kimoja. Nolen hakutafuta kisingizio, alikubali hadharani kwamba kosa lilikuwa lake. Malkia Elizabeth akashuka kumwona farasi na kumpapasa puani.

Hadithi ya wengi inaishia hapo. Lakini baada ya mbio vipimo vilionyesha kwamba Black Caviar alikuwa amechanika misuli ya miguu ya nyuma, ile ile inayomsukuma farasi mbele. Kwa hiyo yote mawili ni kweli kwa pamoja: joki alilegeza mapema mno, na farasi aliyekuwa chini yake alikuwa ameumia. Tena aliyebakizwa nyuma kwa kichwa hakuwa wa kubahatisha. Moonlight Cloud alishinda Prix Maurice de Gheest miaka mitatu mfululizo, 2011 hadi 2013. Na angalia nafasi tatu za kwanza siku ile: majike watupu, madume wote nyuma yao.

Farasi mwenye msuli uliochanika, ugenini, kwenye ardhi iliyolowa, mikono ya joki ikiwa imelegea, na bado hawakumpita. Sielewi mtu anaitazamaje mbio hiyo akaona udhaifu.

"Baada ya Ascot alikuwa amekwisha."

Walimpumzisha karibu miezi minane. Tarehe 16 Februari 2013 akarudi Flemington kwenye Lightning Stakes, mita 1000. Alizimaliza kwa sekunde 55.42, wastani wa karibu kilomita 65 kwa saa kuanzia kwenye kusimama. Rekodi ya mbio hizo ilikuwa ya farasi aitwaye Special, tangu 1988. Ilikuwa imedumu miaka 25, na ikavunjwa na farasi waliyesema amekwisha.