Je, wajua kwa nini "kaskazi" ya Boston huleta theluji?

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akitajiwa kaskazi huwaza joto. Ndio upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi, uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Hata neno "kaskazini" limetoka humo: ni kule inakotoka kaskazi.

Miezi hiyo hiyo, kwenye pwani ya kaskazini mashariki mwa Marekani, kuanzia Boston kupanda hadi jimbo la Maine, kuna upepo wa upande huo huo. Mabaharia wa huko waliupa jina la nor'easter, yaani upepo wa kaskazini mashariki, basi. Ila huo ukivuma, shule hufungwa, ndege hazipai, na mtu hufungua mlango asubuhi akakuta theluji imemfika magotini. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda walioko Portland na Lewiston, miji ya Maine ambako Kiswahili kinasikika, wanaujua vizuri.

Upande mmoja, miezi ile ile, huku jasho na kule theluji. Lakini ajabu zaidi ni kwamba dhoruba yenyewe haitoki kaskazini mashariki. Inatoka kusini magharibi.

Aliyeling'amua hilo ni Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani. Mwaka 1743 alikuwa Philadelphia, amejiandaa kutazama kupatwa kwa mwezi. Kabla ya saa kuwadia, upepo wa kaskazini mashariki ukapiga, mawingu yakafunga, asione kitu. Akadhani kwamba Boston, iliyo zaidi ya kilomita 400 upande ule ule upepo unakotoka, lazima imefunikwa mapema zaidi. Baadaye akapata habari kutoka kwa ndugu yake aliyekuwa Boston: kule mwezi ulionekana vizuri, na dhoruba iliingia saa kadhaa baada ya kuipiga Philadelphia. Akauliza huku na huku, habari zikalingana, akakata shauri: dhoruba inakwenda kaskazini mashariki ilhali upepo wake unatoka huko huko inakokwenda.

Linaonekana haliwezekani, mpaka ukoroge chai. Ikiwa bado inazunguka, kibebe kikombe uvuke nacho chumba. Chai inazunguka ndani, kikombe kinakwenda zake. Dhoruba hii ni kikombe hicho. Kitovu chake ni mahali penye mgandamizo mdogo wa hewa, na katika nusu ya kaskazini ya dunia hewa hukizunguka kitovu cha namna hiyo kinyume cha mishale ya saa. Kitovu kikiwa baharini, kusini mashariki ya Boston, sehemu ya duara inayoupitia mji huja ikitokea kaskazini mashariki. Huo ndio upepo anaouhisi mtu usoni. Mbebaji wa kikombe ni mkondo wa upepo wenye nguvu ulio juu sana angani, nao hukipeleka kufuata pwani kuelekea kaskazini mashariki.

Na kwa nini pwani hii? Kwa sababu ya majirani wawili wasiofanana hata kidogo. Nchi kavu wakati wa baridi hufunikwa na hewa nzito, kavu na baridi kutoka Kanada. Hatua chache baharini unapita mkondo wa Gulf Stream, maji ya moto yanayopanda kutoka Florida, yakaipitia karibu rasi ya Hatteras, jimbo la North Carolina, kabla ya kuachana na pwani na kuingia Atlantiki. Hata Januari maji hayo huwa na joto la zaidi ya nyuzi 20. Hewa hizo mbili zikikutana, ile ya moto yenye mvuke hupanda juu ya ile baridi, mvuke ukageuka mawingu, na kule kugeuka kukatoa joto linaloipandisha hewa zaidi. Mgandamizo unashuka. Ukishuka milibari 24 (milibari ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) kwa saa 24, wataalamu huiita dhoruba hiyo bomu. Ile ya tarehe 4 Januari 2018 ilishuka takriban 59 kwa muda huo.

Kaskazi yetu ni kitu kingine kabisa. Ni upepo wa msimu: bara la Asia likipoa, hewa yake husukumwa kuelekea bahari yenye joto, siku nenda siku rudi kwa miezi, na ikitufikia imeshapita juu ya maji ya moto safari nzima. Nor'easter hukaa siku moja au mbili, ikamaliza kazi yake, ikaondoka.

Sasa kuna jambo linalowatesa watabiri wa huko, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Bahari ile ile inayoilisha dhoruba ndiyo inayoiharibu theluji. Ghuba ya Maine wakati wa baridi huwa baridi sana, lakini maji yake bado yako nyuzi chache juu ya sifuri. Upepo unaokuja juu yake hupata joto kidogo upande wa chini, na hapo kidogo kinatosha. Simama gatini Portland unyooshe mkono. Kwanza vinatua vipande vikubwa vya theluji vilivyolowa, kama pamba iliyochanwa. Halafu inakuwa mvua tu. Saa hiyo hiyo, aliye kilomita 20 bara anakomba theluji kwa koleo na haoni dalili ya kuisha.

Kitovu kikipita karibu na pwani, joto la bahari huingia ndani na mvua hushinda. Kikipita nje kidogo, theluji hufika hadi ufukweni. Kikipita mbali, watu waliomaliza mikate dukani kwa hofu ya dhoruba wamejisumbua bure. Tofauti ya kilomita 50 yatosha kubadili kila kitu. Februari 2013 mambo yalijipanga upande wa theluji, Portland ikapata sentimita 81.

Boston wanaikumbuka zaidi dhoruba ya tarehe 6 na 7 Februari 1978. Theluji ilikuwa sentimita 69, na magari zaidi ya 3,000 yalikwama kwenye barabara moja tu, Route 128. Watu hutaja hizo sentimita, lakini kilichobomoa nyumba za ufukweni ni maji. Mwezi ulikuwa mchanga, ni wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, na upepo ukaisukuma bahari kuelekea nchi kavu, maji yakijaa mara baada ya mara kabla dhoruba haijaondoka. Portland haikuona tena maji ya juu namna ile hadi tarehe 13 Januari 2024, na safari hiyo upepo ulitoka kusini mashariki. Vibanda vya wavuvi vya South Portland, vilivyosimama zaidi ya miaka 100, vilizolewa asubuhi moja.

Ukiwa huko na upepo umeanza, unaweza kujua kitovu kiko wapi bila simu wala redio. Upe upepo mgongo: kitovu kiko upande wa mkono wako wa kushoto. Upepo wa kaskazini mashariki ukikupiga mgongoni, mkono huo unaelekea baharini. Halafu uangalie unavyogeuka. Ukihamia mashariki, kisha kusini, kitovu kinapita upande wa bara na theluji itageuka mvua. Ukihamia kaskazini, kisha kaskazini magharibi, kimepita baharini, theluji imebaki theluji, na nyuma yake inakuja hewa kavu ya Kanada. Asubuhi yake mbingu huwa buluu tupu, na kwa kuwa maji yana joto kuliko hewa, bandari nzima hufuka mvuke. Mashua za wavuvi wa kambakoche huingia ndani ya mvuke huo zikitoweka kuanzia chini, hadi kinachoonekana ni mlingoti tu.