Kabureta ya Land Rover 109: maneno ya gereji na ukweli wenyewe

Wakuu, mwenye Land Rover ya zamani ya petroli, hizi Series III za injini ya cc 2,286 zilizotoka 1971 mpaka 1985, anaijua hii: gari ikianza kumisi tu (injini inakatakata), fundi hata boneti hajamaliza kulifungua keshasema "kabureta imekufa hiyo", yani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Inasingiziwa sana kwa sababu iko juu, inaonekana, na kuitoa ni nati chache tu.

Yangu ilikuwa inamisi ikiwa silensa (inaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta), ukikanyaga inatulia. Nikabadilishiwa kabureta mara mbili ndani ya miezi mitatu, zote used, hela imekwenda na ugonjwa uko palepale. Siku moja mzee mmoja akapitisha kidole chini ya mpira wa vakyumu (unaovutwa hewa na injini) unaoenda kwenye sevo ya breki, ile inayosaidia mguu kukanyaga, akakuta ufa. Hewa ilikuwa inaingia pale muda wote, na breki zilivyokuwa nzito mimi nikajua ni uzee wa gari! Kwa hiyo kabla hujashika kabureta angalia kwanza mipira, gasketi ya manifoldi (bomba za kuingiza na kutoa hewa ya injini), kondensa na pointi za kuwashia cheche (gepu kama milimita 0.4), taimingi ya cheche, na klirensi ya valvu, yani nafasi yake, ambayo kwa hii injini ni milimita 0.25. Halafu kuna wanaotafuta hewa inakovuja kwa kunyunyiza petroli gari inaunguruma, jamani, hapa manifoldi ya kuingiza na ya eksozi zimebanwa pamoja upande mmoja, utachoma gari. Chukua chupa ya maji ya kunyunyizia, pale ambapo silensa inabadilika ndo penyewe.

Nyingine: "osha na petroli, puliza na kompresa, ovaholi imeisha." Hapo umeosha tu mkuu. Zenith 36IV, kabureta ambayo ndo nyingi zilikuja nayo, ina ugonjwa wake unaojulikana, yani uso ambapo nusu ya juu inakutana na ya chini unapinda kwa joto na kwa mafundi wanaokaza skrubu kama wanafunga tairi, afu ile o-ringi ndogo ya ndani inachoka, basi mafuta yanapita pasipo njia, silensa inakuwa mbovu, plagi zinajaa masizi na gari inakunywa. Weka rula ya chuma juu ya uso uangalie kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita chini yake imepinda. Dawa yake unaweza kuifanya nyumbani: kipande cha kioo cha dirisha kilichonyooka, juu yake msasa wa maji ule laini, paka uso wote wino wa maka peni, halafu sugua taratibu kwa kuzungusha kama unaandika 8. Wino utaanza kufutika pembeni ubaki katikati, au kinyume chake, endelea mpaka ufutike wote. Mimi ilinichukua kama saa nzima na chai mbili. Kisha gasketi mpya, o-ringi mpya, dayaframu (kiwambo cha mpira), sindano ya floti (boya la kupima mafuta), vyote vinakuja kwenye ripea kiti (sio kiti cha kukalia). Usisahau kutikisa shafti ya kipepeo (kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta), ikicheza sana hewa inapenya pembeni na hakuna kuosha kutakakosaidia, hapo ni kuweka bushi.

Jeti (kipande chenye tundu dogo linalopima mafuta ndani ya kabureta) iliyoziba wengi wanachokonoa na waya. Shaba ni laini, tundu linatanuka na macho hayaoni. Jeti nyingi namba yake inasoma kipenyo kwa sehemu ya mia ya milimita, 120 ni milimita 1.20, ukiifikisha 1.30 eneo la tundu limeongezeka karibu asilimia 17. Tumia upepo, au uzi wa nailoni wa kuvulia.

Hapohapo ndo inaingia ile ya "weka jeti kubwa upate nguvu". Petroli inahitaji hewa kama kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta, kwa nguvu zaidi unashuka kwenye 12 na kitu hivi, ukizidisha zaidi ya hapo petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na ringi zinalika. Afu kumbuka gari iliyosetiwa Dar ukiipandisha Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa imepungua uzito karibu asilimia 15, kwa hiyo mafuta yanazidi na gari inakuwa nzito kwenye milima. Kule unahitaji jeti ndogo, sio kubwa!

Na ile skrubu ya pembeni anayoizungusha kila fundi akidai anapunguza ulaji wa mafuta, inagusa silensa tu. Ukiwa barabarani unatembea 80, jeti kuu ndo inaamua.

Wengine wanasema petroli ya siku hizi haina risasi ndo maana kabureta za zamani zinagoma. Risasi imetoka kwenye mafuta yetu tangu 2006, na kabureta haijali. Zinazoweza kuumia ni siti za valvu za eksozi, yani pale valvu zinapokalia zikifunga.

Kuhusu kufunga kabureta mpya ya Weber badala ya Zenith, sikatai, 34 ICH ni rahisi na inatulia, ila nguvu unaweza kuona imepungua kidogo, linkeji (vyuma vya kuunganisha pedali ya mafuta) itakusumbua, na sokoni feki zimejaa. Mimi nabadilisha pale tu bodi imepasuka au nyuzi za jeti zimekatika. Na ile uliyoitoa usimwachie fundi, spea zake ni dhahabu. Ninazo mbili chini ya kitanda kwenye ndoo, mama watoto keshasema nichague, harufu ya petroli au yeye.