Mtoto anapogeuka mkalimani wa nyumba

Kwenye chumba cha kituo cha afya, mama ameketi na binti yake wa miaka 11. Daktari anauliza kwa Kiingereza, mtoto anageuza kwa Kiswahili, mama anajibu huku macho yakiwa sakafuni. Swali linalofuata ni kuhusu damu, na kuhusu yaliyompata njiani kabla ya kuvuka mpaka. Mama anajibu kwa sauti ya chini. Mtoto ananyamaza kidogo, kisha anamwambia daktari, "Anasema kichwa kinamuuma." Wanatoka na dawa za kichwa. Wakiwa njiani kurudi, hakuna anayemsemesha mwenzake.

Mfano huu nimeuunga kutoka familia kadhaa ili asitambulike mtu. Lakini yeyote aliyekaa na wakimbizi wa Kikongo, iwe katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II au mitaa ya Nsambya na Katwe hapa Kampala, ameshauona kwa macho yake. Sisi washauri tunapozungumzia hisia katika familia zilizohama, wengi hutarajia tuanze na vita. Mimi siku hizi naanza na lugha: ni nani ndani ya nyumba anayeongea na dunia ya nje, na kazi hiyo inamfanya nini.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini, na watoto wake wanasoma shule za msingi pamoja na watoto wa wenyeji. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba shule humfungulia mtoto mlango wa lugha mapema, na mzazi hana shule yake. Baada ya miezi michache mtoto wa Isingiro, wilaya iliko Nakivale, anasalimia kwa Kinyankole, wa Kampala anasema "webale ssebo" kama aliyezaliwa Makindye. Mama yuko sokoni na fungu lake la sombe (majani ya mhogo), na bei anatajiwa na mwanawe.

Hapo ndipo nyumba inapoanza kupinduka polepole. Mtoto ndiye anayejua barua ya shule imeandika nini. Ndiye anayezungumza na mwenye nyumba kodi ikichelewa. Anapata madaraka asiyoyaomba, na pamoja nayo anapata siri za wazazi, deni, ugonjwa na aibu. Mzazi naye anajiona mdogo mbele ya mwanawe, na mtu anayejiona mdogo hukasirika haraka. Baba aliyekuwa mwalimu huko Masisi, Kongo, mtu ambaye wengine walisimama alipopita, sasa anawasikia wanawe wakicheka kwa Kiganda chumba cha pili na anaamini kabisa kwamba wanamcheka yeye. (Mzee mmoja alinisimulia jinsi binti yake alivyopiga magoti kumsalimia, kama wafanyavyo wasichana wa Kiganda. Akaruka kutoka kitini: "Umefanya kosa gani?")

Si kila tafsiri ni mzigo. Mtoto akimsaidia mama kununua sabuni dukani anajisikia mkubwa na wa maana, na ni haki yake. Kipimo ninachowapa wazazi ni hiki: jambo ambalo usingemwambia mtoto kwa lugha yako mwenyewe, usimpe alibebe kwa lugha ya wengine. Dukani sawa, kwa jirani sawa. Hospitalini, polisi, na kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi ya ukimbizi, hapana. Huko omba mkalimani mtu mzima. Kituo cha afya kikiwa hakina, tafuta jirani mnayeaminiana, au uliza kwa wahudumu wa afya wa kijiji, wale wanaoitwa VHT, kama yuko anayejua Kiswahili. Mwanamke ana haki ya kutaka mwanamke mwenzake.

Jambo la pili ni kumrudishia mzazi kiti chake bila kumnyang'anya mtoto alichokipata. Tumeona njia moja nyepesi ikifaa: jioni, kabla ya kula, mtoto anamfundisha mzazi maneno matano ya Kinyankole, Kiganda au Kiingereza, halafu mzazi anamfundisha mtoto matano ya Kibembe, Mashi au Kinyabwisha, au majina matano ya ukoo na ni nani alikuwa nani. Saa ya kuanza na ya kumaliza inapangwa na mzazi. Hilo dogo lina uzito wake, kwa sababu mtoto anamwona mzazi akikosea neno, akicheka, akijaribu tena, huku akibaki mkubwa wa nyumba. Kumwambia mtoto "wewe si Mkongo tena" hakujamrudisha yeyote kwao. Kunamfundisha tu kuongea lugha yake mpya mbali na masikio yako.

Shuleni kuna jeraha jingine ambalo wazazi hulipita haraka. Mtoto aliyefika mwaka wa tano wa shule ya msingi huko Bukavu, akisoma kwa Kifaransa, anapangwa darasa la tatu (P.3) kwa sababu hajui Kiingereza. Tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka madarasa matatu ya kwanza vijijini yafundishwe kwa lugha ya eneo, kisha Kiingereza kishike kuanzia P.4, kwa hiyo mtoto huyu anaweza kukutana na lugha mbili ngeni kwa mpigo. Ana miaka 12, magoti yanagonga dawati, wenzake wana miaka minane. Anaijua hesabu ile tangu zamani, ila swali lenyewe halielewi. Akirudi nyumbani akarusha begi na kumpiga mdogo wake, msikilize kabla ya kumhukumu. Nenda kwa mwalimu, mweleze alikuwa darasa gani, na uulize ni lini atapimwa tena. Na akikwambia anachapwa kwa kutojua lugha, fahamu kwamba marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yanakataza viboko shuleni.

Sasa kuhusu mwili, maana hisia haziishi kichwani peke yake. Mtu aliyekimbia risasi mwili wake hubaki ukilinda hata baada ya kufika pema. Bodaboda ikilipuka moshi, mtoto anajitupa chini ya kitanda. Mtoto wa miaka tisa aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza upya. Wengine tumbo linauma kila asubuhi na vipimo havionyeshi kitu, wengine wanashika kanga ya mama hata akienda chooni. Vijana wao hukaa kimya, au huwa wakali bila sababu inayoonekana. Haya yote ni ya kawaida miezi ya mwanzo. Godoro likilowa, lianike bila makelele. Kumtangaza kikojozi mbele ya majirani kunaongeza hofu, na hofu ndiyo inayomkojoza.

Mtoto mdogo husoma uso wako kabla ya maneno yako, kwa hiyo kumtuliza kunaanza na wewe kutulia. Katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini mwa nchi, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walishiriki majaribio ya mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ya kukabiliana na msongo: vikao vitano vya kikundi, wakisikiliza sauti zilizorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Msongo ulipungua, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Zoezi la kwanza la mafunzo hayo halihitaji fedha wala daktari. Dhoruba ya mawazo ikianza, usishindane nayo. Kiri kwamba ipo. Punguza mwendo wa pumzi, sukuma nyayo zako ardhini taratibu, kisha rudi hapa ulipo: unaona nini, unasikia nini? Pamoja na mtoto liwe kama mchezo. Sufuria nyeusi. Jerikeni ya njano. Jogoo wa jirani, yule mwizi wa mahindi.

Kisha sema kilichopo. Wazazi wengi huamini kumficha mtoto huzuni ni kumlinda, lakini mtoto anaiona na, kwa kukosa maelezo, anajilaumu mwenyewe. Inatosha kusema: "Leo roho inaniuma kwa habari za Goma. Si kosa lako. Nitapika, tutakula." Hujamweleza aliyekufa wala alivyokufa. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilipoanguka mikononi mwa waasi mwezi Januari 2025, tulipokea watoto waliokosa usingizi kwa wiki nyingi ingawa walikuwa Uganda kwa miaka. Walikuwa wameona video za maiti kwenye WhatsApp ya baba. Simu ya habari za nyumbani isikilizwe watoto wakiwa wamelala au wakiwa nje wakicheza.

Gumu kuliko yote ni mtu asiyejulikana alipo. Baba alibaki nyuma siku ya kukimbilia Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda, na hakuna anayejua kama yu hai. Ni msiba usio na kaburi, na kilio chake hakiishi. Wengine humwambia mtoto "amesafiri", na mtoto anahesabu siku. Mwambie ukweli ulio nao: hatujui bado, tunamtafuta, ukitaka kumzungumzia njoo. Na mtafuteni kweli: Msalaba Mwekundu wa Uganda una huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana, na ni bure.

Kuna pia maisha ya "tukienda Amerika". Nyumba nzima inasubiri ndege, na kwa sababu hiyo mama hajifunzi lugha, baba hatengenezi paa, mtoto haoni haja ya rafiki mpya. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na nimeona watoto wakivunjika moyo kwa safari ambayo hawakuwahi kuianza. Siwaambii watu waache kutumaini. Ninachowaomba ni kupanda maharagwe, ambayo huvunwa ndani ya miezi mitatu hivi, wayapande pamoja na watoto, ndege ije au isije.

Kama usingizi, kula au masomo bado vimeharibika baada ya mwezi mmoja au zaidi, tafuteni msaada. Mtoto akizungumza kuhusu kufa au akijiumiza, usingoje mwezi uishe. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu mwombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Wakiona haja, watawapeleka hospitali ya rufaa, na kwa Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Mtoto anayepigwa au kutendewa vibaya anaweza mwenyewe kupiga 116, namba ya bure ya Sauti, huduma ya simu ya kuwasaidia watoto.

Katika masomo yale ya jioni, wazazi huniuliza waanze na maneno gani. Wengi wanadhani nitasema salamu. Mimi huwaambia waombe watoto wawafundishe sentensi moja ya kumwambia daktari, nayo ni hii: naomba mkalimani mtu mzima, na mtoto wangu angoje nje. Mama mmoja aliifanyia mazoezi wiki nzima akiosha vyombo, binti yake akimsahihisha matamshi.